Sahani Ndogo, Mwendo wa Pole: Kula Baada ya Upasuaji wa Tumbo

Mwanakikundi akilazwa hospitali, sisi tunajua la kufanya. Tunachanga pesa, tunatafuta gari, tunapanga zamu ya kwenda kumwona. Na siku anaporudi nyumbani, sufuria zinawekwa motoni. Mambo hayo ni mazuri na tusiyaache. Lakini kuna mgonjwa mmoja ambaye sufuria ile ya kumkaribisha inaweza kumrudisha wodini kabla mshono haujapona. Huyo ni mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, yaani ule mfuko wa chakula umepunguzwa, umekatwa, au umeunganishwa upya na utumbo.

Katika ukurasa huu tunaeleza mtu kama huyo ale nini, kiasi gani, na kwa mwendo gani. Tunaandika kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, kwa yule anayempikia, na kwa kikundi chote. Someni pamoja mkikutana, halafu mjibu maswali yaliyo mwishoni.

NI AKINA NANI HAO?

Hapa kwetu Sondu, kutoka Nyakach hadi upande wa Kericho, kuna watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wale waliopunguzwa tumbo ili uzito wao ushuke. Msiseme haya ni mambo ya matajiri wa mjini peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 kati ya kila 100 hapa Kenya walikuwa na uzito uliozidi, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha idadi imepanda tena. Unene ukizidi sana huleta kisukari, presha na maumivu ya magoti. Upasuaji huu unafanyika nchini, hasa Nairobi, na binti au kaka anayefanya kazi huko anaweza kufanyiwa kisha akaja nyumbani kupumzika kwa mama yake. Ndipo mama anapouliza, "Sasa huyu nimpe nini?"

Wa pili ni wale waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda au kansa ya tumbo. Zamani vidonda vya tumbo vilipelekea watu wengi kwenye kisu. Halafu mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba vidonda vingi husababishwa na kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Siku hizi vidonda vingi vinapona kwa vidonge. Lakini kidonda kikitoboa tumbo, au kikiziba njia ya chakula, bado upasuaji unahitajika. Tena wako wazee kati yetu waliopasuliwa miaka mingi iliyopita, na bado wanaishi na tumbo dogo bila mtu kuwaeleza.

Wa tatu ni wale wenye kansa ya umio, yaani lile bomba la kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu umeonekana sana magharibi mwa Kenya na kwa jirani zetu wa Bomet na Kericho, hata kwa vijana walio chini ya miaka 30. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, imeutibu kwa miaka mingi. Wengine huondolewa sehemu mbaya ya umio, kisha tumbo huvutwa juu hadi kifuani liwe njia mpya ya chakula. Wengine huwekewa kibomba cha wavu wa chuma ili njia ibaki wazi.

Kumbe magonjwa haya yana undugu. Daktari wa kwanza kukata tumbo kwa sababu ya kansa, mgonjwa akapona na kurudi nyumbani, alikuwa Theodor Billroth wa Vienna, mwaka 1881. Baadaye madaktari wakaona kwamba watu waliokatwa tumbo kwa ajili ya vidonda walibaki wembamba. Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, akalifikiria jambo hilo, na mwaka 1966 akaanza kutumia njia hiyo kuwasaidia walionenepa kupita kiasi. Kwa hiyo aliyekatwa kwa kidonda na aliyekatwa kwa unene wanafuata karibu sheria zile zile za mezani.

TUMBO NI KAMA MDOMO WA POSHO MILL

Fikirieni mashine ya kusaga. Juu kuna mdomo mpana wa kumiminia mahindi. Mahindi yanakaa pale na kushuka kidogo kidogo kwenye mawe. Tumbo linafanya hivyo hivyo. Linapokea chakula, linakiponda, linakichanganya na maji makali, kisha linakiachilia polepole kuingia utumbo mdogo. Tumbo la mtu mzima linaweza kubeba lita moja au zaidi kwa mlo mmoja.

Sasa kata ule mdomo. Katika aina moja ya upasuaji wa kupunguza uzito, karibu robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa, na kinachobaki ni kama mrija mnene. Katika aina nyingine, daktari anatengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Ukimimina debe zima kwenye mashine kama hiyo, itakwama au itamwaga. Mgonjwa naye atakabwa, atatapika, au chakula kitakimbia kwenye utumbo kabla hakijawa tayari.

Kuna jambo lingine. Ile sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi kichocheo cha njaa. Kwa hiyo miezi ya kwanza mgonjwa anaweza asisikie njaa kabisa. Msimngojee aseme, "Nina njaa." Ale kwa saa, kama vile anavyomeza dawa kwa saa.

HATUA ZA CHAKULA

Hospitali inaweza kutoa ratiba yake, na ikitofautiana na hii, fuateni ya hospitali. Lakini kwa kawaida mambo huenda hivi:

Wiki ya 1 na ya 2: vitu vya majimaji tu. Maji, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi sana uliochujwa. Mgonjwa anakunywa funda dogo dogo siku nzima.

Wiki ya 3 na ya 4: chakula kilichopondwa hadi kiwe laini kama uji mzito. Maharagwe au ndengu zilizopondwa na kuchujwa maganda, samaki aliyetolewa miiba yote na kusagwa kwenye mchuzi, malenge, viazi vilivyopondwa na maziwa, mtindi.

Wiki ya 5 na ya 6: chakula laini kinachokatika kwa kijiko. Yai, samaki wa kuchemsha, mboga iliyopikwa ikalainika, ndizi mbivu, parachichi.

Baada ya wiki 6 hadi 8: chakula cha kawaida cha nyumbani, lakini kwa kipimo kidogo. Jaribu kitu kimoja kipya kwa siku. Kikikataa, kiache wiki mbili, kisha ujaribu tena.

Msiruke hatua. Mshono wa ndani hauonekani kwa macho. Kidonda cha nje kinaweza kukauka vizuri huku cha ndani bado kinahitaji muda.

SHERIA SITA ZA MEZANI

1. Sahani iwe ndogo. Tumieni sahani ya kikombe cha chai na kijiko cha mtoto. Vijiko vitatu au vinne vya mezani vinaweza kuwa mlo kamili mwanzoni.

2. Tafuna hadi kiwe uji. Weka tonge dogo kama punje ya njegere, tafuna mara 20 au 30, kisha umeze. Aliyepoteza meno apondewe chakula.

3. Weka kijiko chini. Baada ya kumeza, weka kijiko chini ungoje kidogo kabla ya kuchukua tena. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukizidi hapo chakula kimepoa, na hamu pia imepoa, basi uache.

4. Usinywe wakati wa kula. Maji yakifuata chakula, yanakisukuma haraka, au yanajaza nafasi ndogo iliyopo. Acha kunywa unapoanza kula, na ungoje nusu saa baada ya kula. Lakini kati ya milo kunywa sana, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, funda kwa funda. Kwenye joto letu la ziwani mtu anaishiwa maji upesi.

5. Anza na protini. Samaki, yai, maziwa, maharagwe na nyama laini viliwe kwanza. Mboga ifuate. Ugali uwe wa mwisho, kama nafasi ipo.

6. Ukisikia dalili ya kwanza ya kushiba, acha. Dalili hiyo inaweza kuwa kubanwa kifuani, kikwifukwifu, au pua kutoa kamasi ghafla. Kijiko kimoja baada ya hapo ndicho kitakachorudi.

Angalieni: sheria ya nne haimhusu mwenye kibomba cha chuma kwenye umio. Yeye anashauriwa anywe funda la maji katikati ya chakula na baadaye, ili kibomba kisafishwe kisizibe. Asimeze mapande ya nyama, wala mkate mkavu, wala chakula chenye nyuzi. Yeye pamoja na yule ambaye tumbo limevutwa kifuani wasilale bapa. Wale jioni mapema, wakae wima saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali.

CHAKULA CHETU WENYEWE KINATOSHA

Wengine wanafikiri mgonjwa huyu anahitaji unga wa makopo kutoka Nairobi. Kama hospitali imeuandika na pesa ipo, sawa. Lakini soko la Sondu lina karibu kila kitu.

Madaktari wengi wanashauri apate gramu 60 za protini kwa siku au zaidi. Hesabu si ngumu. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa kina gramu 8. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye ukubwa wa kiganja, gramu 100, kina gramu 20 na zaidi. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 15. Basi asipoweza kula kwa mara moja, anakusanya kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Omena ni rafiki mkubwa. Ioshwe vizuri, ikaangwe bila mafuta mpaka ikauke, isagwe iwe unga laini, ichujwe. Kijiko kimoja kwenye uji au kwenye mboga kinaongeza protini, madini ya chuma na madini ya mifupa. Ngege na mbuta wachemshwe wasikaangwe, na aliye na macho mazuri atoe miiba. Maziwa lala yanapita vizuri kwa wengi kuliko maziwa mabichi ya moto, kwa maana baada ya upasuaji baadhi ya watu hupata gesi na kuhara wakinywa maziwa ya kawaida.

Mboga zetu kama mrenda, osuga na sagaa ni nzuri. Mrenda unateleza, kwa hiyo unasaidia chakula kushuka. Zikatwe ndogo ndogo na zipikwe zilainike, kwa kuwa shina gumu la mboga linaweza kujikunja na kuziba njia.

Ugali unahitaji uangalifu. Ugali mgumu hujikusanya kama udongo ndani ya tumbo dogo. Mpikieni ugali laini, vijiko viwili tu, na ule baada ya samaki. Chapati, mkate mpya na wali mkavu huwasumbua wengi kwa miezi kadhaa. Nyama choma ingoje sana. Viazi vitamu vya Kabondo vikichemshwa na kupondwa ni laini, ila ni vitamu, kwa hiyo kipimo kiwe kidogo.

Huu ni mfano wa siku moja baada ya miezi miwili:

Saa 1 asubuhi: yai moja la kuchemsha, na vijiko vichache vya uji wa wimbi wenye maziwa, bila sukari.
Saa 4: nusu kikombe cha maziwa lala.
Saa 7 mchana: vijiko vitatu vya samaki, kijiko cha mrenda, kijiko kimoja au viwili vya ugali laini.
Saa 10: robo ya parachichi, au nusu ya ndizi mbivu na njugu zilizosagwa.
Saa 1 jioni: vijiko vitatu vya ndengu au maharagwe yaliyopondwa na unga wa omena, kijiko cha malenge.
Kati ya milo: maji.

CHAKULA KINAPOKIMBIA

Kuna shida moja inayowatisha watu mpaka wanadhani mgonjwa amerogwa au ana malaria. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula, moyo unadunda, jasho linamtoka, kizunguzungu kinampata, tumbo linasokota, kisha anaharisha. Anataka kulala tu. Hapo chakula, hasa chenye sukari, kimemwagika haraka kwenye utumbo, na utumbo umevuta maji mengi kutoka kwenye damu ili kukizimua.

Wengine hupata shida ya pili, saa moja hadi tatu baada ya kula. Sukari imeingia kwenye damu kwa kasi, mwili umeijibu kwa nguvu mno, na sasa sukari imeshuka kupita kiasi. Mtu anatetemeka, ana njaa kali, anachanganyikiwa. Huyu asipande boda boda wala kuinua jembe mpaka apate nafuu. Kwa wakati huo ale kitu kitamu kidogo, kisha chakula chenye protini. Ikijirudia, aende kliniki.

Dawa ya shida zote mbili ni mwendo na uchaguzi. Soda, juisi, chai ya vijiko vinne vya sukari, mandazi, miwa na keki za harusi ndizo chanzo kikubwa. Tena kwa aliyepunguzwa tumbo ili apungue uzito, vitu vitamu vya majimaji ni mwizi. Vinateleza vinapita bila kumshibisha, na baada ya mwaka mmoja au miwili uzito unarudi polepole huku yeye akisema, "Lakini mimi sili kitu." Vivyo hivyo kudonoa donoa njugu na mandazi mchana kutwa.

Pombe pia. Baada ya upasuaji huu inaingia kwenye damu upesi mno, na glasi moja inaweza kumlewesha mtu ambaye zamani alikuwa halewi. Sigara huchelewesha mshono kupona na huleta vidonda vipya.

VITAMINI NI ZA MAISHA YOTE

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anajisikia vizuri, anaacha vidonge, na kwa mwaka mzima haoni lolote. Tumbo zima hutoa kitu kinachosaidia mwili kupokea vitamini B12. Tumbo likikatwa, vitamini hiyo haiingii ya kutosha. Lakini ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu unakuja kama mwizi wa usiku: ganzi miguuni, kusahau sahau, damu kupungua. Wengine wanahitaji sindano ya B12 mara kwa mara. Kwa kawaida wanahitaji pia madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Vidonge vya kalsiamu na vya chuma visimezwe pamoja. Viachane saa mbili.

Damu ipimwe baada ya miezi 3, miezi 6, mwaka mmoja, kisha kila mwaka.

Anayemeza dawa za kila siku aiambie kliniki yake kwamba tumbo limekatwa. Dawa za kisukari na presha zinaweza kuhitaji kupunguzwa mapema, maana uzito ukishuka na chakula kikipungua, kipimo cha zamani kinakuwa kikubwa mno. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya HIV au dawa za TB asiache hata siku moja, lakini amwulize mhudumu namna ya kuzimeza, kwa sababu vidonge vya chuma na kalsiamu vinaweza kuzuia baadhi yake zisifanye kazi. Na dawa za maumivu kama ibuprofen, diclofenac na aspirini asinunue dukani bila kuuliza. Zinachoma tumbo lililobaki.

Mama mwenye umri wa kuzaa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kushika mimba, ili mtoto asikute ghala tupu. Azungumze na kliniki kuhusu njia ya kupanga uzazi, kwa kuwa baada ya baadhi ya upasuaji huu vidonge havitegemewi sana.

MWENDO WA KAZI

Mwendo wa pole si wa mezani tu. Wiki 6 za kwanza asibebe mtungi wa lita 20, asikate kuni, asilime, asibebe mtoto mzito mgongoni. Lakini asilale kitandani pia. Atembee tangu siku ya kwanza, kwanza uani, halafu hadi barabarani, kila siku mbali kidogo. Kutembea kunazuia damu kuganda miguuni.

Uzito hushuka kwa kasi zaidi miezi 6 ya kwanza. Karibu mwezi wa 3 hadi wa 6 nywele zinaweza kudondoka. Kwa kawaida zinaota tena kama protini inatosha. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu uzito husimama.

Na wakati wa mfungo? Aliyepasuliwa hivi karibuni asifunge. Kula kwake kwa saa ni sehemu ya matibabu. Baadaye aulize daktari wake kwanza.

MANENO YA WATU

Sasa tuseme lile linaloumiza kuliko mshono. Hapa kwetu mtu akikonda, midomo inaanza kufanya kazi. "Ameshikwa na ule ugonjwa." "Mume wake hamlishi." "Amekatwa pesa na kampuni." Maneno hayo yamewafanya wagonjwa wengine wale kwa nguvu mbele ya watu ili waonekane wazima, kisha watapike nyuma ya nyumba. Kutapika kila siku si jambo dogo. Mtu akitapika wiki mbili tatu, vitamini B1 inakwisha mwilini, na mishipa ya fahamu na ubongo vinaweza kuharibika pasipo kurudi.

Desturi yetu ya ukarimu pia ina mtego. Mgeni akikataa chakula ni kama amekutukana. Tunapendekeza vikundi viigize mazungumzo haya:

Dani: Nyathina, mbona umekula vijiko viwili tu? Chakula changu hakina chumvi?
Mgonjwa: Dani, ni kitamu sana. Lakini tumbo langu sasa ni kama kikombe, si sufuria tena. Nikiongeza, nitakitapika chote.
Dani: Sasa utaishije, mtoto wangu?
Mgonjwa: Nitakula tena saa kumi. Niwekee ule mchuzi wa samaki kwenye kibakuli, nibebe.
Dani: Hapo sawa. Basi nitakufungia.

Mmeona? Hakuna aliyekosewa heshima. Chakula kimepokelewa, ila kwa mwendo mwingine. Katika matanga na harusi, kikundi kimpangie mwenzao sahani yake mapema, iwe ndogo, yenye samaki au maharagwe, ili asisimame kueleza mambo yake mbele ya watu wote. Siri ya ugonjwa wake ni mali yake. Akitaka kusema atasema.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Msimalize pesa zote kwenye upasuaji. Tengeni kiasi cha nauli ya kurudi kliniki, vipimo vya damu na vidonge vya mwaka wa kwanza. Ulizeni hospitali mapema SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipa nini na nini kitabaki kwa familia.

Chagueni mtu mmoja wa kumsindikiza na kuandika maagizo ya daktari kwenye daftari. Anayepika awepo pia siku ya kutolewa wodini, maana yeye ndiye mwenye kijiko.

Badala ya watu ishirini kuleta ugali siku moja, gawaneni siku. Mmoja alete mayai matano, mwingine maziwa, mwingine omena iliyosagwa. Mwingine aje kuteka maji na kupalilia shamba kwa wiki zile sita.

DALILI ZA HATARI

Msingoje asubuhi wala siku ya kliniki mkiona haya:

- anatapika kila kitu, hata maji, kwa siku nzima;
- maumivu makali ya tumbo au ya bega, homa, au moyo kwenda mbio;
- choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua;
- chakula kukwama kabisa kwa mwenye kibomba kwenye umio;
- ganzi miguuni, kuona mawili mawili, au kuchanganyikiwa.

Mpelekeni mgonjwa hospitali iliyo karibu, na barua ya upasuaji mkononi. Wao wataamua kama aende Kisumu, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au arudi alikopasuliwa. Barua ile ni muhimu sana. Daktari wa zamu asiyejua tumbo limekatwa vipi anafanya kazi gizani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, yuko mtu katika kikundi chetu, hata wa miaka mingi iliyopita, aliyekatwa tumbo? Nani amemwuliza kuhusu vitamini B12?
2. Ni vyakula gani vya shamba letu vinaweza kupondwa na kuwa laini bila kununua kitu?
3. Tunamkaribishaje mgonjwa bila kumlazimisha kula?
4. Tumesikia maneno gani kuhusu watu waliokonda? Yamemsaidia nani?
5. Katika mfuko wetu wa dharura, ni kiasi gani tutatenga kwa ajili ya mwaka wa kwanza baada ya upasuaji?

Mkimaliza, mwekeni mwanakikundi mmoja aandike majibu ubaoni. Swali la tano msiliache bila kukubaliana kiasi.